Mashine Inaona Baridi

Jumatatu, 6 Julai 1998

Leo nimeletewa kazi ambayo sijaiona hata kwenye vitabu vya chuo. Kiyoyozi kilichofungwa chini ya sakafu ya gari! Na gari lenyewe ni nyumba — kitanda, jiko la gesi, choo kidogo, mapazia ya maua. Kipkirui, yule mwenye duka la mabati na misumari Litein, alilinunua kwa mhandisi Mzungu aliyemaliza kandarasi ya barabara akarudi kwao. Amelisimamisha nyumbani kwa mama yake Kimulot, kule juu karibu na msitu.

Obonyo wa kibanda cha redio, jirani yangu hapa Kapsoit, alicheka mpaka akaegemea mlango. Kimulot mwezi wa saba watu wanalalia blanketi juu ya blanketi, sasa nani anataka kupuliziwa baridi? Nikamwambia arudi kwa redio zake aachane na mambo ya friji. Lakini kusema kweli nami nilikuwa najiuliza.

Kipkirui alinieleza vizuri. Mama yake ni mgonjwa wa kifua. Maisha yake yote amepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Daktari amemkataza moshi kabisa, hata kidogo, na asubuhi asivute hewa baridi. Kikohozi humkaba alfajiri. Juzi walidhani ndiyo basi. Sasa hii mashine hupuliza baridi, lakini ukiigeuza hutoa joto. Joto bila moshi! Ndiyo maana amemhamishia mama kwenye gari. Na mashine imegoma.

Aliniangalia mikono. Wateja wapya wote huangalia mikono, halafu uso, halafu wanauliza kama mume wangu ndiye fundi. Huyu hakuuliza hivyo. Alisema tu, "Bochaberi, huyo ni mama yangu. Sina mwingine." Nitaenda keshokutwa.

Jumatano, 8 Julai

Kimulot. Ukungu, matope, baridi ya kung'ata masikio. Gari limesimama kando ya nyumba, jeupe, mawe yamekingwa kwenye magurudumu. Mbele yake ni majani chai mpaka bondeni. Waya wa umeme unatoka dirishani kwa Winny, mke wa Kipkirui, ambaye ndiye anamtunza mama mkwe. Kipkirui mwenyewe siku nyingi hulala Litein kwa sababu ya duka.

Mama anaitwa Chepchumba. Namwita Gogo, yaani nyanya, kama wanavyomwita wote hapa. Mdogo, mkavu, masikio yenye matundu marefu ya kizamani, macho hayatulii. Nikamsalimia kwa lugha yao, chamgei. Akafurahi, akanishika mkono mpaka kiwikoni. Halafu akakohoa. Nimesikia watu wakikohoa, lakini huyu anakohoa kama mtu anayetafuta hewa ndani ya gunia.

Nililala chali chini ya gari. Mashine imefungwa chini ya sakafu, na mdomo wake umeingia ndani kupitia tundu lililokatwa chini ya kitanda. Matope ya barabara zote za wilaya yamejaa kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa. Bomba la kutolea maji — nyigu wamejenga humo. Chujio limejaa nywele za mbwa wa Mzungu! Nimeosha, nimepiga brashi, nimenyoosha mapezi kwa kitana changu mwenyewe. Ule mpira unaoziba nafasi kati ya mashine na sakafu umeoza, ukiugusa unabaki mkononi.

Nikawasha. Feni ikavuma. Kompresa ikaguna — ngrrr — ikazima. Nikarudia. Ngrrr, kimya. Nilitukana kwa Kikisii ili Winny asielewe, akaelewa. Mchana jua lilipotoka, nikajaribu tena, ikawaka bila maneno. Joto likatoka, Gogo akaweka viganja kwenye tundu akacheka.

Kwa hiyo asubuhi inakataa, mchana inakubali. Sababu naijua: umeme wa huku asubuhi ni dhaifu, kapasita, kile kifaa kinachoipa kompresa msukumo wa kuwaka, imechoka, na mafuta ndani ya kompresa yanakuwa mazito kwa baridi. Gogo akaniuliza mbona ililala vile. Sasa kapasita ningemweleza vipi? Nikamwambia, "Gogo, hii mashine inaona baridi. Asubuhi inataka kupashwa joto kwanza, kama mzee."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima, kama vile namwambia habari za mtu anayemjua. Akasema marehemu mumewe aliendesha lori la majani chai miaka mingi, na mwezi wa saba lori lilikuwa na tabia hiyo hiyo. Akanimiminia mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyu, kikombe kikubwa. Nilikinywa chote. Nampenda huyu mama.

Ijumaa, 10 Julai

Nimepata kapasita kwenye mtambo mzee wa kupoza maziwa. Saizi ndiyo. Mpira wa kuziba haupo Kericho nzima. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nataka mpira wa mlango wa friji au mpira wa kucheza.

Nikakata sponji ya godoro, nikaipaka gundi, nikaibana pale kati ya mashine na sakafu. Nimeweka kiganja, sikusikia upepo. Si kazi ya kujivunia, najua. Ni ya kushikilia tu mpaka mpira wa Nairobi uje. Kapasita mpya imeingia na mchana mashine imewaka. Kesho alfajiri ndiyo mtihani.

Jumapili, 12 Julai

Imekataa!

Kipkirui alinikuta hapa Kapsoit baada ya kanisa, bado amevaa tai. Hakuinua sauti, na afadhali angeinua. Jana asubuhi na leo asubuhi mashine imeguna ikazima. Mama amekohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Aliniambia kama nimeshindwa niseme, ataleta mtu kutoka Nairobi, hatanilaumu. Lakini mama hawezi kungoja mafundi wajifunze juu yake.

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye nywele. Nikamwomba anipe mpaka katikati ya wiki. Akakubali bila kunitazama.

Usiku huu Obonyo ameweka televisheni nje ya kibanda, Kapsoit nzima iko hapo kwa fainali ya Kombe la Dunia. Wanapiga kelele kila dakika. Mimi nasikia ngrrr tu.

Jumanne, 14 Julai

Imewaka! Jana alfajiri na leo alfajiri, mara moja, bila kuguna! Kipkirui amepiga simu pale dukani kwa Nyanchama, nikaitwa mbio, gauni limejaa grisi. Sauti yake ni ya mtu mwingine kabisa. Mama amelala usingizi mzito mpaka jua likatoka, hajakohoa sana. Ananiita fundi mkubwa. Nilimwambia ni kapasita, imezoea sasa.

Obonyo akaniuliza tangu lini kapasita ikazoea. Ama inafanya kazi ama haifanyi. Anajua kweli, maana hata redio zina kapasita. Nikamwambia aache wivu.

Leo nimekula nyama.

Alhamisi, 16 Julai

Winny amepita hapa akielekea Kericho. Uso umemvimba kidogo. Anasema nyumbani wote wana malaria. Gogo anatapika, kichwa kinamgonga, anasinzia hata akiongeleshwa. Wamenunua dawa dukani. Tangu mvua za El Nino malaria imepanda milima, kila nyumba ina mgonjwa, hakuna cha kushangaza.

Lakini alisema jambo moja, akalisema tu kama mtu anayehesabu vitunguu. Kichwa chake huuma akishakaa kwa gari asubuhi na Gogo. Akienda kuchuma majani chai kinaisha. Kesho yake kinarudi.

Nikamwuliza tena. Akarudia vile vile. Malaria gani hiyo inayoogopa shamba?

Gesi ya mashine? Kama bomba limevuja ndani... Nimeshindwa kula. Nitapanda kesho.

Ijumaa, 17 Julai

Nilifika jua limeshapanda. Gesi haivuji. Nimepaka sabuni kila kiungo, hakuna povu. Nimepima umeme, uko sawa. Mashine inavuma vizuri kupita siku niliyoifungua.

Ila huku chini nimeona mambo. Bomba la maji, lile la plastiki, limelegea na kupinda. Sponji yangu imenywea, pembe moja imekuwa nyeusi na ngumu kama ukoko. Pameachia nafasi, kidole changu kimepita mpaka ndani. Na ardhi chini ya mashine ni kavu! Uwanja mzima ni tope, lakini pale ni pakavu, tena pamefagiliwa.

Waya unachemka? Nimefuata kila waya kwa vidole. Hakuna. Nimekasirika kwa sababu sielewi, na nisipoelewa nakuwa mkali. Nilimfokea Winny bure. Nikamwomba radhi.

Gogo alikuwa ameketi nje juani, shali mabegani. Mashavu mekundu. Nilifikiri ni homa. Macho yanafunga yenyewe. Akanivuta karibu akaniuliza, "Sasa mashine inaamka mzuri, ama?" Nikasema ndiyo, Gogo, inaamka vizuri. Akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa shuleni. Mimi nikadhani ananisifu mimi.

Nikamkataza Winny wasiiwashe mpaka nizibe ile nafasi. Akasema Gogo atakohoa. Nikasema akohoe asubuhi moja. Akaenda kumfunika Gogo shali vizuri. Hakuniahidi. Gundi yangu ilikuwa imeisha, gari la mwisho la kushuka lilikuwa linapiga honi barabarani, nikaondoka. Kwa nini niliondoka?

Usiku huu nimefungua redio nizime mawazo, haisaidii. Kitu gani kinakausha ardhi na kuyeyusha plastiki, halafu mtu anafagia? Mtu. Kuna mtu. Nitaondoka na lori la kwanza la kiwanda cha majani chai, nifike kabla hawajaamka.

Jumamosi, 18 Julai

Herufi zinalala.

Lori liliniacha barabarani kunapambazuka. Kutoka pale nikaona wekundu chini ya gari. Nikajua ni moto. Nilikimbia na kisanduku cha vifaa, nikaanguka, nikaamka.

Haukuwa moto wa kuwaka. Ni karai ya makaa. Imewekwa sawasawa chini ya mashine, juu ya mawe, nyasi zimeondolewa pembeni zisishike. Makaa yamekolea, mekundu, hayana moshi hata uzi mmoja. Na mashine inavuma! Inavuma vizuri sana, inavuta hewa ile ile na kuipeleka ndani kupitia nafasi yangu.

Niligonga mlango. Nikaita Gogo, Gogo. Umefungwa kwa ndani. Nikavunja dirisha kwa spana, nikaingia na vioo mikononi. Amelala ubavu, blanketi imekunjwa vizuri. Mashavu mekundu, mazuri, kama ametoka juani. Haamki. Nimemtikisa, haamki!

Winny alikuja na kanga tu. Tukamtoa, tukamlaza kwenye nyasi zenye umande katikati ya majani chai, nikampiga mashavu, nikamwambia pumua mama, pumua. Akavuta hewa moja. Halafu hakuna. Halafu nyingine. Jirani akawasha pikapu.

Wakati wanampakia, nilirudi. Nikaivuta ile karai kwa koleo, nikamwaga makaa kwenye tope, nikaisukuma karai ndani kabisa ya michai. Sijui kwa nini. Mikono ilifanya kabla kichwa hakijasema kitu.

Hospitalini Kaplong, daktari alituuliza ameanzaje. Winny akasema malaria. Mimi nikasema hapana, ni makaa. Amefungiwa ndani na hewa ya makaa, ile sumu isiyo na moshi. Daktari hakuuliza la pili, akamkimbiza ndani, wakamfunga barakoa ya oksijeni.

Kipkirui alifika kutoka Litein, viatu tofauti miguuni. Akaniuliza, "Makaa ya nani?" Nikasema sijui. Akasema yeye anajua kitu kimoja tu, kwamba mama amelala juu ya mashine yangu. Akaenda kukaa benchi la mbali.

Nilidanganya. Najua ni ya nani.

Kila mwaka baridi ikizidi, madereva wa malori ya majani chai huweka karai ya makaa chini ya injini kabla ya alfajiri. Nawaona pale langoni kiwandani tangu nihamie huku, nimewapita kila Julai. Gogo alimwekea mumewe ile karai miaka yote ya ndoa yao. Ndiyo "tabia hiyo hiyo" aliyoniambia nikinywa mursik yake! Nikasikia, nikajifuta midomo, nikaenda zangu.

Na nani alimwambia mashine inaona baridi? Nani alisema ipashwe joto kwanza?

Winny amenieleza mengine bila kujua anachonieleza. Wiki hii Gogo amekuwa akiamka kabla ya wote, anawasha makaa yake nyuma ya zizi, yale ya mti anaotumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Anangoja nje kwenye baridi mpaka moshi uishe wote. Winny alidhani ni kwa ajili ya vibuyu. Kumbe anangoja moshi uishe kwa sababu daktari alikataza moshi. Ametii kila kitu alichoambiwa. Ametii daktari, akanitii na mimi. Asubuhi akimaliza anafagia, kwa sababu yeye ni msafi.

Na kapasita yangu haikuzoea chochote.

Jumapili, 19 Julai

Naandika kwenye benchi nje ya wodi. Viganja vimefungwa bendeji kwa ajili ya vile vioo, kalamu nimeishika kama mtoto wa chekechea.

Asubuhi aliamka! Winny alikuwa ameenda kutafuta uji. Gogo akafungua macho, akanitafuta, akasogeza barakoa kwa vidole viwili. Nikainama. Nilidhani ataomba maji.

"Leo imeamka?"

Nikasema imeamka, Gogo.

Akafikiri. Uso ukaingia wasiwasi. "Sasa nani amepasha yeye?"

Nililia mbele yake, mimi ambaye sikulia hata nilipomzika baba. Akanipigapiga mkono wa bendeji, akadhani labda nimeumia. Halafu akaniomba nisimwambie Kipkirui. Kijana amejinyima amemnunulia nyumba nzima, akisikia mama ameingiza mkono wake kwenye mashine atahuzunika. Alisema alitaka tu mashine isimwaibishe mtoto wake. Wala isinipotezee mimi kazi, kwa sababu Jumapili ile alimsikia Kipkirui pale nyumbani akisema ataleta mtu wa Nairobi.

Kwa hiyo na mimi nilikuwemo ndani ya yale makaa. Alinipashia mimi pia.

Nikamrudishia barakoa. Nikamwambia alale.

Tangu hapo hajaamka vizuri. Daktari amenieleza kwa upole kwamba kifua kilikuwa kimechoka hata kabla, na hewa ile imegusa moyo. Hawezi kuahidi. Tungoje leo na kesho. Muuguzi anapita kila mara, anamgusa shingo, anaondoka. Kupitia dirisha naona shuka likipanda. Nangoja lishuke. Linashuka. Nangoja tena.

Kipkirui ameenda Kimulot tangu asubuhi. Alisema anafuata shali la mama, lakini Winny ananiambia anataka kuangalia chini ya gari yeye mwenyewe. Amesema atamjua aliyeweka makaa, na akimjua Mungu amsaidie huyo mtu. Winny analia kimya kimya, ananitazama. Nafikiri ameanza kuunganisha.

Nikinyamaza, atachagua mtu. Labda mchungaji wa ng'ombe, labda jirani waliyegombania mpaka wa shamba, labda mimi — na mimi ningekubali, ingekuwa rahisi. Kosa langu ni kweli lipo, sponji ya godoro ni yangu. Lakini nikibeba yote, mama akipona atarudi kwenye gari lile, na alfajiri ya kwanza yenye baridi atatoka nyuma ya zizi na karai nyingine. Hakuna mtu atakayekuwa amemwambia hapana. Na nikisema, nimevunja ombi la mgonjwa ambaye labda hataomba lingine.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika.

Pikapu imeingia langoni. Ni ya Kipkirui. Ana shali begani. Amefungua mlango wa nyuma, anainama —

Ana karai. Ameishika kwa mikono miwili, tope limeshikamana chini, kuna jani la chai limenata ukingoni. Hatembei haraka. Anaiangalia ile karai anapotembea, anaigeuza. Amesimama katikati ya uwanja. Amegusa mshikio, pale palipofungwa waya zamani na mtu fulani. Ile karai ya lori la baba yake. Ameitambua.

Ameinua uso. Ananitazama mimi.

Nimeamua. Sitaanzia kwenye makaa. Nitaanzia Jumatano ile, kwenye kikombe cha mursik, na maneno niliyosema mimi kwa mdomo wangu. Nasimama sasa. Shuka limepanda, nangoja lishuke.